Bwana yuko ng'ambo: mawakili, wasimamizi na mawasii wa mashamba ya utumwa Karibiani

Mashariki ya Jamaika, katika parokia ya St Thomas-in-the-East, palikuwa na shamba la miwa lililoitwa Golden Grove. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 mwenye shamba hilo alikuwa Chaloner Arcedeckne, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Uingereza. Mamia ya Waafrika na watoto wao walitumikishwa humo, na wengi walizaliwa, wakachoka na wakafa bila kumtia machoni mtu aliyeitwa bwana wao. Aliyeamua ekari ngapi zipandwe, nani anunuliwe bandarini na msimamizi yupi afukuzwe alikuwa Simon Taylor, mzaliwa wa Jamaika aliyesomeshwa Eton, shule ya Uingereza, kisha akarudi kisiwani. Barua alizomwandikia Arcedeckne zimehifadhiwa mpaka leo. Ndani yake mvua, bei ya sukari, kinu kilichoharibika na watu waliokufa vinafuatana kama mambo ya daraja moja.

Golden Grove haikuwa mali ya Taylor. Yeye alikuwa wakili: mtu aliyepewa hati ya kisheria ya kutenda kwa niaba ya mwenye mali aliye mbali. Sambamba na wakili alikuwepo mtu mwingine anayetajwa kwa nadra, yaani wasii, aliyekabidhiwa mali baada ya mwenyewe kufa. Naandika juu ya watu hawa kwa sababu bila wao utumwa wa Karibiani haueleweki. Tumezoea kuuwaza ukatili ule kama tabia ya bwana mmoja mwenye kiboko mkononi. Kwa kweli sehemu kubwa yake ilitendwa na watu walioajiriwa, walioapishwa na walioteuliwa, kila mmoja akiwa na karatasi inayosema kwamba anatimiza wajibu wake kwa mtu mwingine.

Kwa nini wenye mali waliondoka

Waingereza waliiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Kufikia katikati ya karne ya 18 kisiwa hicho kilikuwa koloni lao lenye utajiri mkubwa kuliko yote katika bahari ile, na utajiri wenyewe ulikuwa sukari. Lakini Wazungu waliohamia huko walikufa kwa wingi kwa homa ya manjano na malaria. Aliyefanikiwa alikuwa na ndoto moja, nayo ni kurudi Uingereza akiwa tajiri, ajenge jumba, aozeshe binti zake kwa watu wa cheo, na ikiwezekana apate kiti Bungeni. Watoto wake walirithi shamba wasilolijua. Wajukuu walirithi tarakimu tu: mapipa mangapi ya sukari, pauni ngapi kwa mwaka.

Hali haikuwa sawa kila mahali. Barbados ilibaki na wenye mashamba wengi waliokaa kisiwani. Jamaika ilikuwa na mashamba mengi makubwa ambayo wenyewe hawapo, na ndivyo ilivyokuwa pia Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti. Baraza la kutunga sheria la Jamaika liliogopa kuachwa na Wazungu wachache kati ya watumwa wengi, likaweka sheria iliyodai Mzungu mmoja kwa kila watumwa 30, na anayepungukiwa alipe faini. Wenye mashamba wengi walilipa faini na maisha yakaendelea.

Ngazi ya madaraka

Juu kabisa kisiwani alikuwa wakili. Hakulazimika kuwa mwanasheria. Mara nyingi alikuwa mfanyabiashara au mwenye shamba lake mwenyewe, na mmoja aliweza kushika mashamba mengi ya watu mbalimbali kwa wakati mmoja. Alikagua, aliagiza na aliandika barua. Shambani hakulala, isipokuwa alipokuja kukagua.

Aliyelala shambani alikuwa msimamizi. Huyu ndiye aliyepanga kazi ya kila siku, aliyegawa chakula na nguo, aliyeamua nani apelekwe hospitali ya shamba na nani arudishwe kondeni, na aliyeagiza viboko. Chini yake walikuwa vijana wa Kizungu walioitwa makarani wa hesabu, wengi wao kutoka Skoti. Hesabu zenyewe hawakuziandika sana. Kazi yao ilikuwa kushika funguo za maghala, kusimama kwenye kinu usiku wakati wa mavuno, na kuzunguka makondeni. Halafu alikuja mnyapara, ambaye wasomaji wa Unguja watamkumbuka kwa jina la nokoa wa mashamba ya karafuu. Naye alikuwa mtumwa, na alipewa kiboko awasukume watumwa wenzake.

Msimamizi tunayemjua kwa undani kuliko wote ni Thomas Thistlewood, Mwingereza aliyefika Jamaika mwaka 1750 na kusimamia kwa miaka mingi shamba lililoitwa Egypt, katika parokia ya Westmoreland, mali ya John Cope. Tunamjua kwa sababu aliandika kumbukumbu za kila siku mpaka alipofariki mwaka 1786, na karatasi zake sasa ziko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Aliandika hali ya hewa na vitabu alivyosoma. Aliandika pia adhabu alizobuni, nyingine za kinyama kiasi kwamba kuzisimulia ni kuwadhalilisha upya waliotendewa. Aliorodhesha wanawake aliowaingilia, na wanahistoria waliohesabu wamepata matukio 3,852 na wanawake 138. Hawa walikuwa watu wasio na haki ya kukataa. Lugha inayostahili hapo ni ubakaji.

Ninachotaka msomaji akitambue kuhusu Thistlewood ni kwamba alikuwa mwajiriwa. Mshahara wake ulilipwa, majirani walimheshimu, na baadaye alinunua shamba dogo lake mwenyewe na watumwa wake mwenyewe. Hakuna aliyemwona kuwa mhalifu. Alifanya kazi ambayo mtu aliye juu yake alitaka ifanyike na hakutaka kuiona ikifanyika.

Asilimia 6

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo mfumo wote unapofunguka. Mawakili wengi wa Jamaika walilipwa kwa kamisheni, ingawa wapo waliopewa mshahara maalumu. Kiwango kilichozoeleka na kutambuliwa na sheria za kisiwa kilikuwa asilimia 6, na hakikuwahusu mawakili peke yao. Mawasii, wadhamini na walezi wa warithi wadogo walilipwa kwa njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 1740 wasimamizi wa mali za watu wasiokuwepo walitakiwa kila mwaka kupeleka serikalini taarifa ya mazao chini ya kiapo: sukari kiasi gani, ramu kiasi gani, iliuzwa au kusafirishwa kwa nani. Taarifa hizo zingalipo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, Spanish Town.

Kamisheni ilihesabiwa juu ya mazao. Haikuhesabiwa juu ya faida inayobaki baada ya gharama kuondolewa. Tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya uhai na kifo. Wakili aliyezidisha mapipa ya sukari mwaka huu alipata zaidi mwaka huu. Kama kwa kufanya hivyo aliwachosha watu mpaka wakafa, gharama ya kununua wengine iliingia katika hesabu ya mwenye shamba. Mavuno yalianza karibu na Januari na kuendelea kwa miezi mitano au sita, kinu kikisaga usiku na mchana, kwa sababu miwa ikikatwa haisubiri. Wanawake, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wengi katika kikosi kikuu cha kondeni, walichimba mashimo ya miwa wakiwa wajawazito. Mtoto mchanga alikuwa mzigo wa miaka mingi kabla hajaleta pipa hata moja, na kijana aliyeshushwa melini alianza kazi mara moja. Katika vitabu vya hesabu, kununua kulionekana nafuu kuliko kulea.

Matokeo yanaonekana katika idadi ya watu. Mpaka biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807, takribani Waafrika milioni moja walikuwa wameshushwa Jamaika wakiwa hai. Mwaka 1834, utumwa ulipofutwa kisheria, watumwa waliohesabiwa kisiwani walikuwa kama 311,000. Ni kweli wapo waliosafirishwa tena kwenda makoloni mengine, wapo waliopata uhuru, na wapo waliotorokea milimani kwa Maroon, yaani jamii huru za watumwa waliotoroka. Hao wote hawatoshi kuliziba pengo hilo.

Kamisheni haikuwa pato pekee. Wakili au msimamizi aliyeweka akiba alinunua kikosi chake cha watumwa na kukikodisha kwa shamba lile lile alilolisimamia, kwa kazi nzito zaidi ya kuchimba mashimo. Aliyekodi ni yeye, aliyekodisha ni yeye, na mwenye shamba ng'ambo akatumiwa ankara. Alipofariki mwaka 1813, Simon Taylor alikuwa na mashamba kadhaa yake mwenyewe na watumwa zaidi ya 2,000, na alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa himaya nzima.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliandika kwamba kutokuwepo kwa wenye mali ndiko kulikoharibu visiwa, kwamba mawakili walikuwa wezi na wazembe, na kwamba bwana angekuwepo mambo yangekuwa bora. Utafiti wa B. W. Higman, mwanahistoria aliyefundisha Jamaika kwa miaka mingi, umeonyesha picha nyingine. Mawakili wengi walikuwa mameneja stadi waliofanya kile walichotumwa. Mimi naona huo ndio upande wa kuogopesha zaidi. Hadithi ya wakili mwizi ilimsaidia sana mwenye shamba: damu ilikuwa mikononi mwa mtumishi wake, na sukari ilikuwa kikombeni mwake.

Bwana akifa

Kwa watu waliotumikishwa, kifo cha bwana aliye mbali kiliweza kuwa hatari kuliko kiboko cha kila siku. Bwana akifa, wosia ulifunguliwa na wasii aliyetajwa humo akachukua mali. Pasipokuwa na wosia, mamlaka za koloni ziliteua mtu wa kusimamia mirathi. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuandaa orodha ya mali. Wathamini wawili au zaidi walipita shambani wakiandika kila kitu na bei yake: sufuria za shaba, nyumbu, ng'ombe, meza, kisha majina ya watu. Cudjoe, pauni kadhaa. Phibba na mtoto wake mchanga, pauni kadhaa. Majina mengi yalikuwa ya Kiakani, yanayotaja siku ya juma mtu aliyozaliwa, kwa hiyo karatasi ya mirathi ya Mwingereza imehifadhi kumbukumbu ya Ghana bila kukusudia. Wazee na vilema waliandikiwa sifuri.

Orodha ikishakamilika, wasii alibanwa na sheria kulipa madeni kwanza. Na madeni yalikuwepo karibu siku zote, kwa sababu mashamba ya sukari yaliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa London, Bristol na Liverpool. Mwaka 1732 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya madeni ya makoloni, iliyotamka wazi kwamba ardhi, nyumba na watumwa vyote viwe dhamana ya kulipia madeni. Kipengele cha watumwa kilikuja kuondolewa mwaka 1797, baada ya miaka 65.

Sheria za visiwa zenyewe zilimgeuza mtu kuwa mali ya aina mbili kwa mpigo. Barbados mwaka 1668 ilitangaza kwamba watumwa ni mali isiyohamishika, ili shamba lirithiwe pamoja na wafanyakazi wake. Wakopeshaji wakalalamika, na mwaka 1672 sheria ikaongezwa kuruhusu watumwa wachukuliwe kama mali inayohamishika pale penye deni. Mtu huyo huyo akawa ardhi anaporithiwa na mfugo anapodaiwa. Wasii ndiye aliyekaa katikati ya sheria hizo mbili akiamua nani abaki na nani apigwe mnada.

Mary Prince alipitia hayo akiwa mdogo. Alizaliwa Bermuda karibu na mwaka 1788, na simulizi yake ilichapishwa London mwaka 1831. Anaeleza kwamba alikuwa bado mtoto mchanga bwana wa kwanza alipofariki, mali na watumwa wakagawanywa kwa familia, naye na mama yake wakanunuliwa na mzee mmoja, kisha yeye akatolewa zawadi kwa mjukuu wa mzee huyo. Haijatajwa hasira wala kosa lolote. Palikuwa na mirathi tu.

Kama warithi walikuwa watoto, mambo yalirefuka. Wasii, mdhamini au mlezi alishika shamba mpaka mrithi afikie umri wa miaka 21. Mjane alistahili malipo yake ya kila mwaka, dada wa marehemu wakastahili mahari, shangazi fulani naye alikuwa ameachiwa pauni 50 kwa mwaka maisha yake yote. Yote hayo yalitoka kwenye miwa. Wahusika wakigombana, kesi ilikwenda kwenye mahakama ya Chancery, iliyosikiliza kesi za mirathi na amana, na mahakama ikateua mpokeaji wa mapato aendeshe shamba huku wanasheria wakibishana kwa miaka. Shangazi aliyekuwa akisoma Biblia katika mji tulivu wa Uingereza aliishi kwa jasho la watu ambao pengine hakujua hata kisiwa walichokuwepo.

Hapa kuna jambo lililonisumbua tangu nianze kusoma habari hizi. Kisheria, wajibu wa wasii ni kulinda thamani ya mali kwa ajili ya warithi na wadai. Kama wasii mwenye huruma angemwachia mtumwa huru bila wosia kumruhusu, angekuwa amepunguza mali aliyokabidhiwa, na warithi wangeweza kumshitaki. Kama angepunguza saa za kazi na mazao yakashuka, wangemuuliza. Sheria ya amana, ambayo katika mambo mengine ni ngao ya mjane na yatima, ilifanya wema uwe kosa na ukatili uwe uaminifu.

Hata pale marehemu mwenyewe alipotaka mtu awe huru, njia ilikuwa na miiba. Phibbah, mtumwa wa familia ya Cope, aliishi na Thistlewood kwa zaidi ya miaka 30 na kumzalia mtoto wa kiume. Katika wosia wake Thistlewood aliwaagiza mawasii wamnunue Phibbah kutoka kwa Cope ili awe huru, na wampatie kipande cha ardhi. Uhuru huo ulikamilika miaka kadhaa baada ya kifo chake. Fikiria miaka hiyo ya kusubiri, mwanamke akiwa amekwisha kutajwa huru katika karatasi moja na bado ni mali katika karatasi nyingine. Wengine walikuta kwamba madeni ya marehemu yamemeza uhuru wao, kwani wadai walitangulia. Na kwa sheria ya Jamaika ya mwaka 1761, mtu mweusi au chotara hakuruhusiwa kupokea kwa wosia wa Mzungu mali inayozidi thamani ya pauni 2,000, sheria iliyolenga watoto ambao wanaume hao walizaa na watumwa wao.

Upande mwingine kuna wosia uliofunga watu kwa zaidi ya karne. Christopher Codrington, gavana wa zamani wa visiwa vya Leeward, alifariki mwaka 1710 na kuacha mashamba yake mawili ya Barbados kwa chama cha Kanisa la Anglikana cha kueneza Injili, kwa masharti kwamba pajengwe chuo na kwamba daima wawepo watumwa 300 wa kuyaendesha. Maaskofu wakawa wadhamini wa shamba la utumwa. Waliliendesha kama wengine walivyofanya, kwa mawakili na mameneja, na kwa muda watu walichomwa kifuani alama ya chuma yenye neno SOCIETY, yaani "chama". Chama hicho kilikuwa kikihubiri upendo wa Mungu huku kikisoma taarifa za mazao katika vikao vyake London. Chuo cha Codrington kingalipo mpaka sasa.

Mmoja aliyejaribu kuugeuza wosia uwe silaha ya kinyume ni Matthew Lewis, mwandishi wa riwaya aliyerithi mashamba mawili ya Jamaika, Cornwall na Hordley. Alifanya ambalo wenzake wengi hawakulifanya, akapanda meli kwenda kuona. Huko Hordley alikuta watu wameteswa na wasimamizi huku yeye akiletewa habari njema. Kati ya safari zake mbili, mwezi Agosti 1816, akiwa kando ya ziwa Geneva, aliandika nyongeza ya wosia iliyomtaka kila atakayemrithi akae Jamaika angalau miezi mitatu katika kila mwaka wa tatu, la sivyo apoteze haki yake. Mashahidi waliotia sahihi walikuwa washairi Byron na Shelley, pamoja na tabibu Polidori. Lewis alifia baharini mwaka 1818 akirejea kutoka safari ya pili. Hakuwaachia watu wake uhuru, na jambo hilo nalihesabu dhidi yake. Lakini alikuwa ameelewa kwamba umbali wenyewe ulikuwa sehemu ya mateso.

Waliokuwa chini waliujua mlolongo huu

Itakuwa kosa kudhani watumwa hawakujua nani yuko wapi. Walijua vizuri kabisa. Kundi lililoonewa na msimamizi liliacha kazi na kutembea mpaka kwa wakili kudai mtu huyo aondolewe, na mara nyingine liliondoka na viboko, mara nyingine likasikilizwa. Saint-Domingue hali ilikuwa hivyo hivyo. Mwezi Desemba 1784 mfalme wa Ufaransa alitoa amri kuhusu mawakili na mameneja wa mashamba, akiwataka waweke daftari za kazi na kuwaruhusu watumwa kulalamika wanapoteswa. Wenye mashamba na mahakama ya huko waliipinga vikali.

Miaka 7 baadaye, Agosti 1791, mashamba ya kaskazini yaliwaka moto. Miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuuawa alikuwa Odeluc, wakili wa mashamba ya Gallifet, ambayo mwenyewe alikuwa Ufaransa. Na kiongozi mkuu wa mapinduzi yaliyofuata, Toussaint Louverture, alizaliwa katika shamba la Bréda, nalo likiendeshwa na wakili, Bayon de Libertat, kwa niaba ya warithi waliokuwa ng'ambo. Toussaint alikuwa mwendesha gari la farasi la huyo wakili. Alikuwa karibu naye miaka mingi, akiona jinsi mamlaka ya mtu asiyekuwepo yanavyoshikwa na aliyepo.

Katika koloni la Demerara, ambalo leo ni sehemu ya Guyana, maelfu walinyanyuka Agosti 1823. Uasi ulipangwa katika shamba lililoitwa Success, mali ya John Gladstone, mfanyabiashara wa Liverpool, baba wa William Gladstone aliyekuja kuwa waziri mkuu. Gladstone mzee hakuwahi kufika huko. Wakili wake, Frederick Cort, alimtumia taarifa za kuridhisha. Waasi waliongozwa na Jack Gladstone, aliyebeba jina la mtu asiyemjua, pamoja na baba yake Quamina, seremala na shemasi, ambaye aliuawa kwa risasi na mwili wake ukatundikwa kwa minyororo.

Huko Demerara, na tena Jamaika katika uasi wa Sam Sharpe ulioanza tarehe 27 Desemba 1831, watu wengi waliamini kwamba London imekwisha kutoa uhuru na wakubwa wa kisiwani wanauficha. Watawala waliita hayo uvumi wa wajinga. Mimi nauona ni usomaji makini wa hali yao. Maisha yao yote amri zilitoka ng'ambo kwa karatasi, zikipita mikononi mwa watu wenye faida ya kuzipindisha.

Fidia ikalipwa kwa nani

Sheria ya kufuta utumwa ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, ingawa waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kutumika kama wanagenzi mpaka 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na zote zilikwenda kwa waliowamiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata kitu. Deni la serikali lililohusishwa na malipo hayo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015.

Tume iliyoundwa London ilipokea madai kama 46,000, na humo wahusika wetu wote wakajitokeza kwa pamoja. Wakili aliandika kwa niaba ya mwenye shamba. Wasii alidai kwa ajili ya mirathi isiyokwisha, mdhamini kwa ajili ya mkataba wa ndoa, mlezi kwa ajili ya mtoto, mkopeshaji kwa ajili ya rehani, mjane kwa ajili ya malipo yake ya kila mwaka. Walipingana wao kwa wao juu ya thamani ya watu wale wale. John Gladstone alipata zaidi ya pauni 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500. Chama cha Codrington kilipata zaidi ya pauni 8,000. Waingereza waliutumia tena mtindo huo huku kwetu: amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, ya Aprili 1897, nayo iliweka fidia kwa mabwana.

Yeyote anayetafuta mababu wa Karibiani leo hukutana na mlolongo huu katika daftari za watumwa. Jamaika iliziandika kuanzia mwaka 1817, kisha kila baada ya miaka mitatu mpaka 1832, na nakala zake ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew. Jina lililo juu ya ukurasa limewapotosha wengi, kwani huenda si la mmiliki. Inabidi kutazama maneno yanayolifuata: je, aliyeapa ametajwa kama mmiliki, au kama wakili wa fulani, wasii wa marehemu fulani, mlezi, mdhamini, au mpokeaji wa mahakama? Ukurasa huo huo una jina la mtumwa, rangi, umri, kama alizaliwa Afrika au kisiwani, na mara nyingi, katika safu ya maelezo, jina la mama yake.